Kuagiza picha kwa mchoraji wa mtandaoni mwenye sifa ya kuchelewesha: jibu langu kwa dada wa Area D

Dada, umeuliza kuhusu mchoraji wa Dar uliyemwona Instagram. Unataka akuchoree wazazi wako kwa jubilei yao ya miaka 50 ya ndoa mwezi Desemba, bei mmekubaliana laki nne, anataka nusu kabla hajaanza, na kwenye komenti zake umekuta watu wawili wanalalamika kwamba anachelewesha kazi na hapokei simu. Waliotangulia kukujibu wamekwambia umkimbie. Mimi nasema usimkimbie bado, ila hiyo nusu usiitume.

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa hapa Dodoma, huku Kisasa, na kila chumba nimeweka picha iliyochorwa kwa mkono: mibuyu, wamama wa Kigogo na ngoma zao za muheme, mashamba ya zabibu ya Hombolo. Karibu zote niliziagiza mtandaoni, kwa wachoraji wa Dar, Bagamoyo na Arusha. Wapo waliomaliza kabla ya siku, na wapo wale wa "kesho bosi, kesho kutwa bosi".

Hao wa kesho kutwa wengi wao si matapeli. Tapeli hachori kabisa. Anaiba picha za watu, anapokea hela, anakublok. Mchoraji wa kuchelewesha anachora, tena vizuri, na ndiyo maana wateja hawamuishi. Shida yake iko kwenye hela. Advansi yako leo inalipa kodi ya chumba chake, au inanunua rangi ya kumalizia kazi ya mteja aliyelipa miezi mitatu iliyopita na sasa anamtukana kila asubuhi. Ya kwako itangoja mteja mpya baada yako alete advansi yake. Ni kama mchezo wa upatu ambao anayepokea ni mmoja tu. Ukishamtumia nusu, wewe umekuwa deni, na deni linalofanyiwa kazi kwanza ni lile linalopiga kelele. Kwa hiyo unachotafuta ni mpangilio ambao kila akitaka hela, njia fupi ya kuipata ni kukaa chini achore picha yako.

Mimi nafanya hivi. Ile advansi ya vifaa simpi mkononi. Namwambia anitumie orodha ya vifaa na lipa namba ya duka anakonunua kanvasi (kile kitambaa cha kuchorea) na rangi, nalipa dukani moja kwa moja, yeye anaenda kuchukua. Wachoraji makini hawajawahi kuninunia kwa hilo. Mmoja tu alikuja juu, akasema namdharau, kila msanii ana utaratibu wake. Nikamwambia sawa kaka, kila mteja naye ana wake, tukaachana kwa amani.

Baada ya hapo hela inafuata hatua. Ya kwanza ni mchoro wa penseli kwenye kanvasi yenyewe, siyo kwenye karatasi pembeni, na anauonyesha kwa simu ya video. Hapo ndipo unaposema pua ya baba si hiyo, au mama avae kitenge badala ya gauni. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba mabadiliko ya hatua hii ni bure, na ukibadilisha mawazo rangi ikishapanda unaongeza hela. Hiyo inamlinda yeye dhidi yako, na akiona na wewe umejibana anakuwa mpole kwenye mengine. Hatua ya pili, nyuso zimekamilika. Ya tatu, kazi nzima. Malipo ya mwisho ndiyo yawe makubwa kuliko mengine. Ukiacha elfu ishirini mwishoni, hatazifuata. Oda mpya itampa zaidi.

Makubaliano yaandike WhatsApp, kwa ujumbe mmoja, siyo vipande vipande vya sauti. Mimi ningemwandikia hivi:

"Picha ya wazazi wawili, kifuani kwenda juu, rangi ya akriliki kwenye kanvasi, sentimita 60 kwa 80, kutoka kwenye picha mbili nilizokutumia leo. Bei 400,000 pamoja na vifaa, bila fremu. Vifaa 80,000 nalipa dukani. Mchoro wa penseli nikiukubali, 80,000. Nyuso zikikamilika, 80,000. Kazi ikiisha na nikishaikagua, 160,000. Mwisho tarehe 15 Novemba. Ikifika tarehe 30 haijaisha naweza kusitisha. Nitakuwa nimelipia hatua zilizokamilika tu na kanvasi inakuja kwangu. Ukikubali niandikie NAKUBALI."

Jubilei ni Desemba, lakini yeye hana haja ya kujua siku yenyewe. Na usidharau huo ujumbe kwa sababu hauna mhuri. Kwa Sheria ya Mikataba, hata makubaliano ya mdomo ni mkataba. Kinachosumbua ni kuyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usifute hayo mazungumzo na usiweke ile ya ujumbe kujifuta wenyewe.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni yeye. Chukua picha mbili tatu za kwenye ukurasa wake uzipitishe Google Lens, ile ya kutafuta picha imetokea wapi. Zikitokea kwenye ukurasa wa mtu wa Lagos wa miaka mitano nyuma, umemaliza kazi. Mwombe video fupi akichora chochote, na pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe. Siku hizi akili mnemba inatengeneza "picha ya kuchora" ndani ya dakika, halafu mtu anaiprinti kwenye kanvasi na kupitisha rangi kidogo juu ili ishikike. Niliwahi kuletewa moja hivyo, ya shamba la zabibu. Niliigundua kwa kuiinua dirishani mwanga uipige kwa ubavu: mikwaruzo ya brashi ilikuwa inaenda upande mmoja na majani ya mzabibu upande mwingine. Niliikataa pale pale, na kwa sababu hela kubwa ilikuwa bado kwangu, mabishano hayakuwa marefu.

Ukituma hela ya hatua, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa tofauti na alilokutajia, uliza kwanza. Inaweza kuwa laini ya mkewe, mimi imenitokea, ila jibu lije kabla ya hela kwenda.

Sasa visingizio. Kimoja ujue kukipima: "rangi bado haijakauka". Kama anatumia rangi ya mafuta, anaweza kuwa mkweli kabisa. Rangi hiyo huchukua siku kadhaa, na ikiwa nene hata wiki kadhaa, kabla hujaigusa salama. Akriliki hukauka ndani ya dakika au saa chache. Mchoraji wa akriliki anayekwambia wiki ya pili sasa picha inakauka, hajaanza. Umeme kukatika, sawa, lakini mchana jua lipo. Msiba usibishane nao. Mpe pole, umwombe tarehe mpya kwa maandishi.

Akinyamaza kabisa, usianze matusi. Yule wa picha yangu ya wamama wa muheme alinyamaza nyuso zikiwa tayari na mikono bado. Nilimwandikia ujumbe mmoja tu: simdai hela, naomba picha ilivyo kwa sasa, na achague kati ya kumaliza kwa tarehe fulani au kunipa kanvasi hivyo hivyo tumalizane. Alijibu siku ile ile. Nafikiri alikuwa anaogopa simu yangu kuliko kazi yenyewe. Akachagua kunipa kanvasi. Nikaipeleka kwa mchoraji mwingine wa hapa mjini aimalizie, akaizunguka akaitazama, akasema mikono atachora lakini sura hagusi, maana hawezi kuzichora vile. Ndiyo maana sikubaliani na hii tabia ya kuwaita wote wezi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usikimbilie kumwanika mtandaoni na sura yake na namba yake ya simu. Ukimwita tapeli kumbe amechelewa tu, kesi inaweza kugeuka na mshtakiwa ukawa wewe. Polisi nao mara nyingi wakisikia mlikubaliana na kazi ilianza, watakwambia hilo ni shauri la madai, nenda Mahakama ya Mwanzo. Akiwa tapeli kweli, wa kukublok na kutoweka, hapo ni polisi, tena mapema, ukiwa na skrinishoti na risiti za miamala. Mtandao wa simu upigie dakika hiyo hiyo, maana hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni ngumu sana. Namba yake itume pia 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

Usafiri kuja Dodoma nao upangeni mapema. Kanvasi ya ukubwa huo inaweza kuvuliwa kwenye mbao zake na kuviringishwa, upande wa rangi uwe nje, ndani ya bomba la plastiki la inchi nne lenye mfuniko pande zote mbili. Fremu utatengeneza huku. Usikubali iletwe na kioo juu ya basi. Kama una ndugu Dar, yeye ndiye akague mkono kwa mkono na hela ya mwisho itoke hapo hapo. Kama huna, gawa ile 160,000: sehemu kubwa ukiona risiti ya mzigo, iliyobaki ukiupokea stendi. Naye ana haki ya kuogopa kwamba utapokea picha na kuzima simu.

Jambo dogo ambalo nusu ya ugomvi wa "haifanani" unatokana nalo: picha za wazazi usimtumie kama picha ya kawaida WhatsApp, inabanwa na kupoteza makunyanzi yote. Itume kama faili. Kama ni ya zamani ya karatasi, ipeleke ikaskaniwe, usiipige na simu chini ya taa.

Mpigie leo umpe mpangilio huu. Akikubali hatua na kukataa bei, ongezeni kidogo mkubaliane. Akikubali bei na kukataa hatua, mwache. Na muulize ana oda ngapi mbele yako. Akikutajia tano, atakuchelewesha na unajua upange vipi. Akikwambia hana hata moja, na zile komenti umezisoma mwenyewe, basi ameanza kukudanganya kabla hata hujamlipa.