Mganga hajigangi, na mhasibu je?

SWALI: Shikamoo Mzee. Niliajiriwa kama mhasibu miaka saba, kisha nikaacha kazi na kufungua ofisi yangu. Huu ni mwaka wa pili. Nina wateja 14 na msaidizi mmoja. Msimu wa kufunga hesabu nalala ofisini, lakini nikishalipa pango na mshahara wa msaidizi, mimi mwenyewe sibaki na kitu. Mteja wangu mkubwa ndiye analeta karibu nusu ya mapato, na hajanilipa miezi minne. Juzi amenitaka niingize mauzo ya Januari kwenye hesabu za Desemba ili benki impe mkopo. Nikikataa ataondoka. Nitafute wateja wengine wadogo, au nirudi kwenye ajira?
*Mhasibu Mchovu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nami nina swali: huyo mteja unamdai kiasi gani?

Umeniandikia "miezi minne". Mhasibu akitaja deni kwa miezi badala ya tarakimu, mimi huwa nashuku kwamba hajaliandika popote. Wateja wako 14 unawaandalia kila mwezi orodha ya wadaiwa wao: wa siku 30, wa siku 60, wa siku 90. Ya kwako iko wapi?

Sikucheki, maana nimepita hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilikesha nikitafuta kosa kwenye urari wa mteja mmoja, ile orodha ya hesabu ambayo jumla za pande zake mbili lazima zilingane. Debiti na krediti zilipishana kwa 270. Kwanza niliigawa kwa mbili, nikasaka 135 iliyoingizwa upande usio wake. Hola. Nikaigawa kwa 9, nikapata 30 kamili, na hapo nikatulia, kwa sababu tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, mara nyingi kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Saa nane za usiku nikaiona: 4,850 upande mmoja, 4,580 upande wa pili. Nilifurahi kama mtoto. Nikavuta droo kutafuta bahasha ya kuwekea kazi yake, nikakuta ankara tano nilizomwandikia mtu yule yule, hata moja hajalipa, na mbili kati ya hizo sikuwa nimempelekea kabisa. Nimekesha kwa 270 ya kwake, na yangu imelala kwenye droo.

Kwa hiyo wateja wapya wasubiri. Ukiongeza watano leo utakuwa umeongeza kazi, na hela itabaki pale pale. Chukua Jumamosi moja, ifanye ofisi yako mteja wa 15. Mfungulie leja, daftari lake la hesabu. Kama fedha za nyumbani na za ofisi zinapita kwenye akaunti moja, zitenganishe siku hiyo hiyo. Wewe ndiye unayewahubiria wengine kwamba biashara na mwenyewe ni nafsi mbili. Jiandikie mshahara, hata uwe mdogo, uingie kwenye matumizi kama wa msaidizi wako. Hapo ndipo utajua kama ofisi inapata faida au inaishi kwa jasho lako la bure.

Halafu kwa mwezi mmoja, wewe na msaidizi mwandike muda mnaotumia kwa kila mteja, robo saa kwa robo saa. Inachosha, najua. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba mteja niliyemwona mpole kuliko wote, yule wa kuleta risiti kwenye mfuko wa plastiki na kuomba radhi kila mara, alikuwa anakula siku tatu za mwezi kwa ada ya siku moja. Nilimpandishia ada, akahama. Nilimkumbuka, ila zile siku tatu sikutamani kuzirudisha.

Kila mteja asaini barua ya makubaliano: kazi gani utafanya, ipi haimo, nyaraka alete tarehe ngapi, alipe lini. Kazi za kila mwezi zilipwe mwanzoni mwa mwezi. Usione haya. Anayelipa pango mwanzoni mwa mwezi anaweza pia kumlipa mhasibu.

Sasa huyu mkubwa wako. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinamtaka mkaguzi achukue hatua pale ambapo mteja mmoja wa ukaguzi, kampuni yenye maslahi ya umma kama iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, anazidi asilimia 15 ya mapato ya ofisi miaka miwili mfululizo. Wewe humkagui, unamwandikia vitabu tu, lakini pima mwenyewe: 15 tayari inawatia wakubwa wasiwasi, na wewe uko karibu na 50. Ndiyo maana anathubutu kukuomba alichokuomba.

Usimkatalie kwa hasira. Mwombe hati za kupokelea mzigo. Kwa IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuandika mapato kinachotumika tangu 2018, mauzo yanatambuliwa pale mnunuzi anapopata udhibiti wa bidhaa, ankara iwe imeandikwa lini. Kwa hiyo mzigo uliopokelewa tarehe 30 Desemba ni mauzo ya Desemba hata kama ankara ni ya Januari, na huenda ukamsaidia kihalali. Ulioondoka ghalani Januari ni wa Januari, basi. Lakini hapo hapo mpe njia: mwandalie benki hesabu za kweli za Desemba, na pembeni hesabu za Januari peke yake pamoja na oda zilizothibitishwa. Mkopeshaji anataka kujua kama hela ya kumrudishia itapatikana, na mauzo ya Januari yanamweleza hilo bila kuvalishwa nguo za Desemba.

Akisema hapana, muage kwa maandishi na umdai chako. Arthur Andersen, wakati huo moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, ilitiwa hatiani mwaka 2002 katika sakata la mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyopamba hesabu zake. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2005, ila wateja walikuwa wameshakwenda na wafanyakazi wametawanyika. Yako ina watu wawili.

Kurudi kwenye ajira si aibu, nimewaona waliorudi wakanenepa. Ila usiamue ukiwa na usingizi. Andaa kwanza hesabu za ofisi yako za miezi mitatu, kisha mpe msaidizi wako azikague. Urari ukimkatalia, agawe kwa 9.