Nyumbani wanataka nichague: vichekesho au gemu?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Napenda kuchekesha watu na napenda magemu, tena kuyaandikia. Nyumbani wananiambia nichague moja, vyote viwili havitanipa ugali. Rafiki yangu anasema kuna mtu wa Meksiko, Gus Rodríguez, aliyeviweza vyote. Ni nani huyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hakukudanganya. Gus Rodríguez aliandika vichekesho vya televisheni, na mara nyingi aliyevitamka ni mchekeshaji maarufu wa Meksiko, Eugenio Derbez. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa La familia P. Luche, kipindi cha vichekesho kuhusu familia ambayo kila kitu chao, kuanzia nguo hadi makochi, kimefunikwa manyoya kama mwanasesere.

Lakini kwa waliokuwa watoto miaka ya 1990, Gus ni mtu wa gemu. Desemba 1991 yeye na mwenzake Pepe Sierra walianzisha Club Nintendo, jarida la magemu ya Nintendo, kampuni ya Japani. Likavuka mipaka, likasomwa nchi nyingi za Amerika ya Kusini, likadumu zaidi ya miaka 20. Mwaka 1995 akatokea pia kwenye runinga na kipindi cha Nintendomanía, kwenye kituo cha TV Azteca.

Hebu mfikirie mtoto wa Guadalajara, Meksiko, wakati huo. Intaneti nyumbani hana. Kaseti ya gemu aliyoazima imejaa maandishi ya Kiingereza, naye anajua Kihispania tu. Kakwama kwa lile zimwi la mwisho, na kesho kaseti inarudi kwa mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa lugha ya nyumbani: ngoja linyanyue mkono, ruka, piga kichwa. Ukimwekea maelezo ya aya nzima kabla ya kusema "ruka", keshatumbukia shimoni. Mwandishi wa vichekesho anaijua hatari hiyo kuliko wote, kwa sababu neno likichelewa kidogo tu, kicheko kimekufa. Ndiyo maana siamini kwamba Gus alikuwa na kazi mbili zinazogombana. Moja iliinoa nyingine.

Halafu kuna barua. Jarida lile lilikuwa na kurasa za kujibu wasomaji, na mimi ninayeshinda na barua zenu naliheshimu jambo hilo mno. Mtoto aliyeuliza njia ya kutoka pangoni alijibiwa kama mtu mzima mwenye shida ya kweli. Gus alipofariki, 11 Aprili 2020, waliomlilia wengi walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

Kuhusu ugali, waambie wazee kwamba jarida halikumfanya aache vichekesho. La familia P. Luche ilianza 2002, Club Nintendo ikiwa bado inachapishwa. Nawe anza na gemu unayoijua vizuri. Andika ukurasa mmoja kwa mdogo wako asiyeijua, msomee, uangalie anacheka wapi na anapotea wapi. Ukishaurekebisha, nitumie. Nitausoma wote.