Vuta pumzi huku unatazama geji

Juzi pale Katonga, hapa Kigoma, tukijiandaa kuzamia, nimemwona mdogo wetu mmoja anapitisha mkono nyuma ya mwenzake, anageuza kidogo valvu ya mtungi wake wa hewa, anampiga begani: "Poa, twende." Nimewarudisha wote wawili ufukweni, maji yakiwa yameshawafika kiunoni, na najua wamenuna. Wadogo zangu, bega kama hilo nimewahi kulipiga mimi. Ndiyo maana naandika.

1. Mtungi haukai wima peke yake. Ulaze. Kuna aliyeusimamisha juu ya jiwe "dakika moja tu", ukaanguka, na valvu haiuzwi soko la Mwanga.

2. Risasi, yaani vipande vya uzito vya kutuzamisha. Mliosomea kuzamia Unguja mnakuja na hesabu ya maji chumvi. Tanganyika ni maji baridi, hayakubebi kama bahari; punguza kilo mbili hivi, kisha jipime: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yakome usawa wa macho. Mmoja wenu mwezi jana alishuka kama nanga, akatimua tope, na samaki tuliokwenda kuwahesabu wakahamia mwamba mwingine. Nilimpenda kwa bidii yake, ila ile siku hatukuhesabu kitu.

3. Valvu. Sisi wa zamani tulifundishwa kufungua mpaka mwisho, halafu kurudisha robo. Shida ni kwamba mkono unaokuja kukagua haujui ile robo imetokea upande gani.

Nilikuwa na miaka minne kazini, mwenzangu wiki ya tatu. Upepo wa kusini umeshaanza, boti inayumba, nahodha anatuhimiza. Kijana alikuwa amefungua mtungi wake vizuri kabisa. Mimi nikapitisha mkono "kuhakikisha", nikageuza hadi ukagoma nikidhani umefunguka wote, kumbe nimeufunga, nikarudisha robo kama nilivyozoea. Geji, kipimo cha hewa ya mtungini, ikasoma baa 200, kama mtungi uliojaa. Nikampiga bega.

Juu ya maji regeleta, kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, ilimpa hewa bila shida. Mita 18, kila pumzi inakula karibu mara tatu ya ile ya juu, na upenyo ule haukutosha. Nilikuwa naandika kwenye kibao. Nilipogeuka, nikaona sindano ya geji yake: akivuta inaanguka kuelekea sifuri, akiacha inapanda taratibu. Kisha nikaona macho yake. Hakuitafuta regeleta yangu ya akiba. Aliing'oa iliyokuwa mdomoni mwangu. Ya akiba ilikuwa imechomoka kwenye klipu, inaelea mgongoni. Niliipata kwa kufuata mpira wake wa hewa kuanzia begani. Tukapanda tumeshikana mikanda, na pale mita 5, tunaposimama kidogo kabla ya kutoka, sikuweza kumzuia.

Usiku ule nililala naye chumba kimoja, kila saa namuuliza kama mabega au viwiko vinauma, dalili ya ugonjwa wa kupanda haraka, maana Kigoma hatuna chemba ya shinikizo ya kuutibu. Hakuumwa. Lakini alirudia mara nyingi kwamba labda alipumua kwa pupa, labda hafai kwa kazi hii. Nami nikanyamaza. Nilijua ni mkono wangu, nikamwacha ajilaumu. Nilimwambia ukweli baada ya wiki, kwa simu, akiwa amesharudi kwao Uvinza. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili, ila majini hakurudi, na alikuwa na utulivu ambao sijauona kwa wengi wenu.

Kwa hiyo: mwenye mtungi ndiye anayefungua. Hadi igome, na ibaki hapo, hakuna robo. Halafu vuta pumzi nne za nguvu kwenye regeleta ukitazama geji. Sindano ikicheza, hamwendi popote. Mwenzako atazame naye. Baada ya hapo hakuna mkono unaogusa valvu, hata wangu. Na ukikosea, mwambie uliyemkosea kabla hamjalala.

4. Regeleta ya akiba inakaa kifuani. Uipate ukiwa umefumba macho.

5. Kompresa ya kujazia mitungi: mdomo wa kuvuta hewa ukae upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini. Upepo wa ziwani hugeuka, kwa hiyo mtu abaki pale muda wote wa kujaza, asiende kununua mihogo. Hewa ikiwa na harufu ya mafuta, mwaga mtungi mzima, na usinionee huruma kwa dizeli.

6. Uso wa ziwa letu uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 tu jedwali za bahari za kina na muda wa kuzama hazitumiki kama zilivyo. Hakikisha kompyuta yako ya kuzamia imesoma mwinuko. Tena barabara ya Kasulu inazidi kupanda, na naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya kuzama haijali kama umepanda ndege au Noah. Mimi nawahesabia kama abiria wa ndege, kusubiri kabla ya safari: muda wa saa 12 kwa mbizi moja, saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa.

Kesho tunaingia saa mbili asubuhi. Mwenye safari ya Kasulu jioni yake aniambie leo, nimpange kubaki botini kushika kamba.