Kabla hujanunua sanduku gumu la kamera, fikiria njia utakayopita

Nilipofungua sanduku langu jioni ile Seronera, katikati ya Serengeti, kamera zote mbili zilikuwa safi. Hakuna vumbi, hakuna mkwaruzo. Lakini chini ya lenzi yangu ndefu, ya milimita 70-200, nilikuta skrubu mbili nyeusi, ndogo kama punje za mtama, na lenzi yenyewe nilipoishika ikacheza shingoni. Nilikuwa nimetoka nayo Arusha asubuhi ikiwa nzima, na alfajiri yake nilitakiwa nianze kazi na wageni walionikodi kwa siku nne.

Sanduku lilikuwa imara kweli, la bei, lile ambalo ukilikanyaga halibonyei. Lami iliisha geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia pale hadi Naabi, geti la Serengeti, na kuendelea tulipita barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Sanduku lilikuwa sakafuni nyuma, juu ya ekseli, limetetemeka saa kadhaa. Dereva wetu, mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, aliziangalia zile skrubu kiganjani kwangu akasema, "Dada, mgonjwa halazwi juu ya ekseli."

Tangu siku hiyo nikiulizwa ninunue sanduku gani, naanza na ndani. Ganda gumu linazuia pigo: kuanguka, kukaliwa, kubanwa na mizigo mingine. Mtetemo halizuii. Unapita kwenye plastiki hiyo ngumu moja kwa moja na kuingia kwenye kifaa, na kama kifaa hakijashikwa vizuri, saa tano za kutikisika zitalegeza kitu. Kosa langu lilikuwa kununua sanduku kubwa kuliko vifaa vyangu nikidhani nitakua nalo. Nafasi iliyobaki nilijazia khanga na fulana, na nguo zikishatikiswa hushuka, zikaacha uwazi, lenzi ikawa inagongagonga humo ndani.

Kwa hiyo tandaza vifaa vyako kitandani kwanza, kamera zikiwa zimetenganishwa na lenzi, upime kwa futi. Kati ya kifaa na kifaa, na kati ya kifaa na ukuta, iache nafasi ya sponji isiyopungua vidole viwili. Ukishapata kipimo hicho ndipo utafute sanduku, na uangalie vipimo vya ndani, maana vya nje vinadanganya. Pelican 1510, ambalo wengi wetu tunalo, kwa nje lina sentimita 56 kwa 35 kwa 23, ila ndani urefu unabaki kama 50 na upana 28. Na likiwa na sponji peke yake linazidi kilo 6 kidogo. Shirika la ndege likikuruhusu kilo 7 mkononi, hujabakiwa hata na kilo moja ya kamera.

Sponji lenyewe lina aina zake. Lile la vijichemba vya kung'oa kwa vidole linapendeza siku ya kwanza, lakini ukishabadilisha lenzi moja umbo halikubali tena, na watu hung'oa mpaka kuta kati ya kifaa na kifaa zinabaki nyembamba kama kipande cha mkate. Likizeeka linabanjuka na kutoa chengachenga zinazonata kwenye kioo. Mimi nimehamia kwenye vigawanyio vya kitambaa vinavyoshikana kwa velikro, vinavyotoka vyote kwa pamoja kama mfuko. Kama uko Moshi na fedha ni ndogo, tafuta mikeka ya kulalia ya wapanda mlima iliyochakaa. Kampuni za kupandisha wageni huiuza au huitupa. Ni sponji gumu la jamii ya ndala, halinyonyi maji, unalikata kwa kisu chenye makali. Sponji la kochi usiliguse. Ni laini mno, lenzi nzito inalilalia mpaka inagusa plastiki.

Vumbi nalo lina mambo yake. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero ina vumbi laini kama unga wa sembe, na hapo kinachokuokoa ni ule mpira mwembamba unaozunguka mdomo wa sanduku. Upime dukani: weka kipande cha karatasi kati ya mpira na mfuniko, funga, kisha vuta. Kikitoka kirahisi, mpira haubani. Rudia pande zote nne, hasa upande wa bawaba. Nyumbani weka tishu ndani, lizamishe kwenye beseni kubwa, ulikandamize kwa mawe nusu saa. Tishu ikitoka kavu, hilo ni sanduku. Na kila jioni safarini upanguse ule mpira kwa kitambaa kibichi, maana punje moja ya mchanga inatosha kuacha njia.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi dukani. Sanduku linalofungika kweli linafunga na hewa. Mwenzangu mmoja alifunga lake kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambako ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, tukateremka hadi Mto wa Mbu. Mfuniko ukagoma. Komeo zimefunguka zote, mfuniko umeng'ang'ania kama umegundishwa. Alikuwa ameshachukua bisibisi ya kuubandua nikamzuia. Hewa aliyoifungia kule juu ni nyembamba, na hii nzito ya bondeni inaukandamiza mfuniko kutoka nje. Tulilegeza kale kaskrubu ka valvu ya kupitishia hewa, kando ya mpini, pakatoka mlio mdogo wa kuvuta hewa, ukafunguka wenyewe. Kama unaweza, nunua lenye valvu inayojipumulia yenyewe. Kama ni la skrubu, jifunze ilipo kabla ya safari.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usifungie kamera yenye unyevu. Asubuhi za ukungu pale ukingoni kila kitu kinalowa, ukikifungia hivyo hivyo maji yanabaki humo, na baada ya muda utaona nyuzi za kuvu ndani ya lenzi. Kausha kwanza, tia vifuko vya silika jeli vinavyobadilika rangi vikishiba unyevu, na ukifika nyumbani sanduku lilale wazi.

Rangi nyeusi inashika joto juani, na mbung'o wa Tarangire wanaifuata nyeusi pamoja na buluu. Kijivu au kahawia inafaa zaidi.

Ila kuna safari ambazo sanduku hili halifai kabisa. Ndege ndogo zinazopaa kutoka uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Serengeti kwa kawaida zinakupa kilo 15 kwa mizigo yote, tena zinataka begi laini linaloingia kwenye tumbo la ndege. Ndiyo maana nasisitiza vigawanyio vinavyotoka kwa pamoja: unavihamishia kwenye begi, sanduku linabaki nyumbani. Mlima Kilimanjaro vilevile, kamera unaibeba mwenyewe. Na ukipitia KIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Kilimanjaro, betri za lithiamu za akiba usiziache kwenye mzigo wa chini. Zinatakiwa mkononi, kila moja ncha zake zimefunikwa.

Ile lenzi niliifanyia kazi siku nne ikiwa imezungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi shingoni, kwa sababu bisibisi ya nyota ya dereva ilikuwa kubwa na ingekula vichwa vya skrubu. Sasa ninatembea na bisibisi ndogo ya skrubu za Kijapani. Sanduku linakaa kwenye kiti, juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili, limefungwa mkanda kama abiria. Tukifika kambini, kabla ya chai, nazungusha skrubu za kila lenzi moja moja. Safari ya mwezi uliopita zililegea mbili, zote za lenzi niliyokuwa nimeilaza karibu na mlango.