Turbo au bila turbo: anza na lita kwa kilomita 100
Umeuliza kati ya gari la cc 1500 lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili ipate nguvu) na la cc 2000 lisilo na turbo, lipi litakula hela kidogo. Ukubwa wa injini peke yake haujibu hilo. Tazama lita kwa kilomita 100. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, gari linalokula lita 6 kwa kilomita 100 litakunywa lita 900, linalokula lita 9 litakunywa 1,350. Tofauti hiyo ya lita 450 izidishe kwa bei ya mafuta, halafu kwa miaka utakayokaa nalo. Na kumbuka takwimu za kiwandani hupimwa maabara. Kwenye foleni gari hula zaidi.

Turbo ina raha yake, mlima unapanda bila kukanyaga sana, ila inadai oili sahihi ibadilishwe kwa wakati. Kwa hiyo kama ni lililotumika, omba kumbukumbu za sevisi kabla hata ya kujadili bei. Uliza pia kama lina mkanda wa taimingi (unaofanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati) na ulibadilishwa lini, maana ukikatika, kwenye injini nyingi vali hugongana na pistoni. Bei ya tairi za saizi yake nayo iulizie. Mimi ningechukua lenye kumbukumbu kamili, hata kama nguvu ni kidogo.