Kitabu Ambacho Shiba Ryotaro Hakukiandika

Swali lenu la wiki lilitutaka tumtaje mwandishi mmoja wa riwaya za kihistoria, asiye wa Afrika, aliyebadilisha namna watu wa nchi yake wanavyoikumbuka historia yao, kisha tuseme kama amewafaa au amewadhuru. Ninamtaja Shiba Ryotaro wa Japani. Nilikaa Osaka miaka mitatu nikisomea uhandisi, na kwa muda wote huo sikuwahi kuingia katika duka la vitabu, hata lile dogo la kituo cha treni, nisikute rafu ya vitabu vyake. Kuhusu kufaa na kudhuru, naona amefanya yote mawili kwa kalamu ile ile, na ushahidi wangu mkubwa ni kitabu kimoja alichokikusanyia habari kwa miaka mingi na asikiandike.

Jina lake halisi lilikuwa Fukuda Teiichi. Alizaliwa Osaka tarehe 7 Agosti 1923, mtoto wa mwenye duka la dawa. Shule hakuipenda, hesabu zilimpiga chenga, na mitihani ya kuingia shule za juu ilimwangusha. Elimu yake aliichota katika maktaba ya mji. Mwaka 1942 alipata nafasi katika Shule ya Lugha za Kigeni ya Osaka, akachagua Kimongolia. Shule hiyo baadaye ilipanda ikawa chuo kikuu, na mwaka 2007 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Humo ndimo baadhi ya Wajapani wanamosomea Kiswahili hadi leo, na ni vijana wa darasa hilo walionifikisha kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mwandishi huyu, wakijivunia kwamba ni kaka yao mkubwa wa shule.

Kabla hajamaliza masomo aliitwa jeshini, mwishoni mwa mwaka 1943, akapelekwa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, katika kikosi cha vifaru. Mambo mawili ya wakati huo aliyasimulia tena na tena. La kwanza ni la tupa. Walipoletewa vifaru vya aina mpya, alichukua tupa akaipitisha juu ya chuma cha mnara wa mzinga, na chuma kikakwanguka, ilhali kwenye vifaru vya zamani tupa ilikuwa ikiteleza bila kuacha alama. La pili lilitokea mwaka 1945, baada ya kikosi chake kurudishwa Japani na kuwekwa Sano, kaskazini ya Tokyo, kungoja Wamarekani watue pwani. Ofisa mmoja alikuja kuwaeleza mpango wa ulinzi, na kijana Fukuda akauliza: adui akishatua, watu wa Tokyo watakimbilia huku wakisukuma mikokoteni yao, na sisi tutakuwa tunateremka kwa barabara hiyo hiyo moja, tufanyeje? Ofisa akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba wawakanyage wapite. Wapo watafiti waliolitilia shaka tukio hili, na hata lile la tupa limebishaniwa, lakini hakuna anayekana kwamba mwandishi mwenyewe aliishi na maneno hayo mpaka kufa kwake.

Vita vilikwisha siku nane baada ya yeye kutimiza miaka 22. Alijiuliza ni lini Wajapani waligeuka kuwa watu wa kuongozwa na wajinga namna hii, na kama wale wa zamani nao walikuwa hivyo. Baadaye alisema kwamba riwaya zake zote ni barua alizomwandikia kijana yule wa miaka 22. Ninaomba msomaji aishike kauli hii, kwa kuwa mtu anayeandika barua ya kufariji huchagua habari za kutia ndani.

Aliingia katika uandishi wa habari, na kuanzia mwaka 1948 alikuwa katika gazeti la Sankei. Huko Kyoto zamu yake ilikuwa mahekalu na vyuo vikuu, na hekalu la dhahabu la Kinkakuji lilipoteketezwa mwaka 1950 alikuwa miongoni mwa waandishi walioripoti moto huo. Jina la kalamu alilitunga kwa unyenyekevu wenye majivuno ndani yake: Shiba ni matamshi ya Kijapani ya ukoo wa Sima Qian, mwanahistoria mkuu wa China ya kale, na Ryotaro hubeba maana ya kuwa mbali, yaani yeye ni mtu aliyeachwa mbali nyuma na Sima Qian. Tuzo ya Naoki, mojawapo ya tuzo kubwa za riwaya huko Japani, aliipata Januari 1960 kwa riwaya ya majasusi wa kale, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya gazeti ili aandike tu.

Riwaya iliyomfanya awe Shiba ni ile ya Sakamoto Ryoma, iliyotoka kipande kwa kipande katika Sankei kuanzia mwaka 1962 hadi 1966. Ryoma alikuwa samurai wa daraja la chini kutoka jimbo la Tosa, aliyekimbia jimbo lake bila ruhusa, akaanzisha kampuni ya meli, na mwaka 1866 akasaidia kupatanisha majimbo mawili mahasimu, Satsuma na Choshu, ambayo ndiyo yaliyokuja kuuangusha utawala wa shogun, yaani jemadari mkuu aliyeitawala Japani. Mwaka 1867 aliuawa Kyoto. Si kweli kwamba hakujulikana kabla ya riwaya hiyo, maana sanamu yake iliyoko ufukweni Katsurahama ilisimamishwa mwaka 1928. Ila yule wanayemjua Wajapani leo, kijana mcheshi, mchafu wa mavazi, asiyejali vyeo, mwenye kuona mbali kuliko wakubwa wake, ni Ryoma wa Shiba, na ndiye ambaye jina lake lilitiwa katika uwanja wa ndege wa Kochi mwaka 2003. Kuna jambo dogo la maandishi ambalo wageni hatulioni: Shiba aliliandika jina la Ryoma kwa herufi tofauti kidogo na ile ya mtu halisi, na wengi huieleza tofauti hiyo kuwa alama ya mwandishi kwamba huyu ni wa hadithi. Wasomaji hawakuijali alama hiyo.

Kwa nini walimpenda hivyo? Zama zenyewe zilimbeba. Japani ilikuwa inajenga viwanda usiku na mchana, treni ya kasi ya Tokyo na Osaka ilizinduliwa mwaka 1964, na mamilioni ya watu waliokuwa wakienda kazini walitaka kusoma habari za vijana wasio na kitu walioijenga nchi. Lakini zama pekee hazitoshi, kwani waandishi wengine waliishi zama hizo hizo. Ninaona siri yake ni sauti. Shiba huandika kama mzee anayesimulia barazani: katikati ya pigano la panga anasimama, anasema kwamba hili analotaka kulisema liko nje ya habari yenyewe, kisha anakueleza kurasa mbili juu ya bei ya mchele, au asili ya jina la mtaa, au mjukuu wa mmoja wa wapiganaji ambaye yeye mwenyewe alimpigia simu juzi. Wajapani humtania kwa maneno hayo ya kutoka nje ya habari. Mimi niliyekuwa nikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni nzima, mwanzoni nilikuwa nikiziruka sehemu hizo ili niwahi hadithi. Mwaka wa pili nikajikuta ninaruka panga ili niwahi huko. Utafiti wake nao haukuwa wa mzaha, maana yasemekana alipoanza riwaya mpya vitabu vyote vya mada hiyo vilikuwa vikitoweka katika maduka ya vitabu vikuukuu ya Kanda, Tokyo.

Hapo ndipo pana faida na hasara pamoja. Sauti ya mzee wa barazani haikuachii nafasi ya kujua ni wapi nyaraka zimekwisha na ni wapi msimulizi ameanza kukisia. Riwaya yake kubwa juu ya vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, iliyotoka gazetini kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, inawafuata watu watatu wa mji wa Matsuyama: ndugu wawili, Akiyama Yoshifuru wa farasi na Akiyama Saneyuki wa manowari, na rafiki yao mshairi Masaoka Shiki, aliyekufa kwa kifua kikuu kabla ya vita hivyo. Sisi wa bahari hii tuna sababu ya kuisoma, kwa kuwa kundi la meli za Urusi lililotoka Baltiki Oktoba 1904 lilikuja kutia nanga Nosi-Be, kaskazini magharibi mwa Madagaska, likakaa zaidi ya miezi miwili katika joto, mabaharia wakilewa na kuugua, huku habari za kuanguka kwa Port Arthur, bandari ya kivita ya Urusi huko Manchuria, zikiwavunja moyo; Mei 1905 likaangamizwa Tsushima, katika bahari iliyo kati ya Japani na Korea. Shiba anaisimulia safari hiyo kwa huruma kubwa kwa adui. Kwa Jenerali Nogi wa Japani, aliyeuzingira mji wa Port Arthur, hakuwa na huruma hata chembe. Alimchora kama mtu asiyejua vita, na wanahistoria wa kijeshi wamekuwa wakimtetea Nogi tangu siku hiyo. Lawama nzito zaidi ni nyingine: Korea, ambayo ndiyo iliyogombaniwa na ambayo Japani iliimeza kabisa mwaka 1910, humo kitabuni imekuwa kama uwanja tu wa kupitia.

Shiba mwenyewe aliihofia riwaya hiyo. Maisha yake yote alikataa igeuzwe filamu au tamthilia, akichelea kwamba itaonekana inasifu vita; shirika la utangazaji la NHK liliitengeneza baada ya kufa kwake, kwa idhini ya mjane wake, ikaonyeshwa kati ya mwaka 2009 na 2011.

Ninakuja sasa kwenye kile kitabu kisichoandikwa. Mwaka 1939, kuanzia Mei hadi Septemba, majeshi ya Japani na ya Urusi ya Kisovieti yalipigana Nomonhan, kwenye mpaka wa Manchuria na Mongolia, na Wajapani wakapondwa na vifaru na mizinga ya Zhukov, jenerali wa Kisovieti, kwenye nyika isiyo na pa kujificha. Jeshi lilificha kipigo hicho na halikujifunza lolote kwacho. Tafuta Japani nzima mwandishi aliyestahili kuiandika habari hiyo kuliko mtu aliyesoma Kimongolia na kukaa ndani ya kifaru. Alikusanya nyaraka, akawahoji walionusurika, wakiwamo makamanda. Miaka ikapita. Hando Kazutoshi, mhariri aliyemjua vizuri, ameeleza kwamba alipomhimiza aanze, Shiba alimjibu kuwa kumwambia aandike Nomonhan ni sawa na kumwambia afe.

Wengine huuita huo udhaifu. Mimi sikubaliani nao kabisa, ingawa siwezi kusema hawana hoja. Shiba hakujua kuandika riwaya bila mtu wa kumpenda ndani yake. Alihitaji mtu mmoja ambaye upepo mzuri unapita kwake, na katika ofisi za wakuu wa jeshi la Showa, enzi iliyoanza mwaka 1926, hakumpata. Lakini matokeo yake ni kwamba wasomaji wake walibaki na Japani mbili zisizoungana, moja angavu ya Meiji, enzi iliyofuata kuanguka kwa shogun, inayoishia mwaka 1905, na moja ya giza, ambayo katika insha zake za uzeeni anaieleza karibu kama ugonjwa uliotoka nje ukavamia mwili mzima. Njia iliyoitoa moja ndani ya nyingine, ikipitia Korea, haikuandikiwa riwaya. Na ni riwaya ndizo zinazosomwa kwenye treni.

Kuanzia mwaka 1971 aliandika safu ya safari katika jarida la Shukan Asahi, akitembea njia za zamani za Japani na nchi nyingine, Mongolia ikiwamo, kwa miaka 25 bila kuimaliza. Mwaka 1993 alipewa Nishani ya Utamaduni. Mshipa mkuu wa damu ulimpasukia tumboni, akafa tarehe 12 Februari 1996.

Nyumba yake iko Higashi-Osaka, na pembeni yake kuna jengo la makumbusho lililosanifiwa na Ando Tadao, lililofunguliwa mwaka 2001. Chumba chake cha kazi hukiingii. Unakitazama kutoka bustanini kupitia kioo cha dirisha, kiti, meza na penseli za rangi alizokuwa akisahihishia miswada hadi ukurasa ukawa kama kitambaa cha kanga. Ndani ya jengo, rafu za vitabu zimepanda mita 11 mpaka darini. Tulikwenda Februari, maua ya manjano ya nanohana aliyoyapenda yakiwa yamepangwa mlangoni. Msimamizi mmoja, mama wa makamo, alitusogelea akatuuliza kwa adabu kama tumeshamwona Ryoma, kisha akaelekeza kidole kwenye dari la saruji. Nilitazama mpaka shingo ikauma, nikaona doa la unyevu tu. Akanionyesha nywele ziko wapi, paji la uso liko wapi, bega liko wapi. Nikamwona, kama alivyo katika picha ile maarufu. Niliporudi mara ya pili nilijaribu kulitafuta lile doa la mwanzo, nikashindwa.