Jina langu liko kwa shukrani tu

SWALI: Shangazi, nilimaliza masta juzi juzi, niko maabara moja hapa Nairobi. Miezi 14 natoka Rongai saa kumi na moja asubuhi, nashika pipeti mpaka kidole gumba kinauma, data nikachambua mimi. Sasa bosi ametuma drafti ya pepa ya utafiti wetu, jina langu haliko kwa waandishi, liko kule chini kwa shukrani, pamoja na dereva! Nikiongea naogopa kontrakti isirinyuliwe.

JIBU: Pole mwanangu, na dereva usimdharau, bila yeye sampuli zingeoza njiani. Kupima sampuli peke yake hakukufanyi mwandishi. Kanuni zinazofuatwa na majarida mengi ya tiba, zile zilizoanzia mkutano wa wahariri Vancouver 1978, siku hizi zinataka vitu 4: mchango wa maana kwa wazo ama data, kuandika ama kuhakiki, kukubali toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi. Uchambuzi umefanya, cha kwanza unacho, na kanuni zenyewe zinasema mwenye hicho apewe nafasi ya hivyo vingine. Basi usiende ofisini umefura. Rudisha drafti na maoni yako kwa sehemu ya mbinu, halafu andika: “Daktari, uchambuzi nilifanya mimi, naomba tuongee kuhusu orodha ya waandishi kabla pepa haijatumwa kwa jarida.” Kwa barua pepe, si kwa korido. Daftari lako lenye tarehe liwe karibu. Ya kontrakti sitakudanganya, hofu yako ni ya kweli, anza kutafuta kwingine polepole, ila usingoje pepa itoke maana hapo kubadilisha majina ni shughuli kweli kweli.